Sindano Isiyo na Uzi

Miaka arobaini na moja nimetoboa ukindu,
nikaupitisha, nikauvuta, nikaukaza,
duru juu ya duru, kawa baada ya kawa,
makawa ya harusi za Bombo, mekundu na ya zambarau,
na bega la kulia likinikopesha bila kudai.

Mwaka huu limedai.
Limeganda kama ugali wa juzi.
Nikiinua mkono kufunga ushungi
naona nyota mchana.

Mastula, binti yangu, akanipeleka Kawempe,
ghorofani, juu ya duka la simenti,
kwa Nalubowa, aliyesomea sindano ng'ambo
akarudi na kisanduku cha bati na sauti ya chini.
Nikazitazama. Nyembamba kama nywele za kichanga.
"Tundu liko wapi?"
"La nini, Mama Khemisa?"
"La uzi."
Alicheka hadi pamba ikamwanguka.
"Hizi hazina uzi, mama. Huingia mikono mitupu."

Sindano isiyo na uzi!
Kwetu hiyo hutupwa.

Alikuwapo na kijana wa chuo, Odongkara,
na taa nyekundu, ndogo kama punje ya hindi;
akanibandika nayo begani kwa plasta.
"Inapiga hodi ndani ya nyama," alisema.
"Damu iliyobeba oksijeni huitikia hivi,
iliyokwisha kuishusha huitikia vile."
Kwenye kioo: hamsini na tatu.
Nikadhani ni mtihani, na kwamba nimefeli.

Nalubowa akanipapasa, akapata fundo.
Msuli ukikaza, alisema, hujikaba wenyewe,
hubana vishipa vinavyouletea pumzi;
ukikosa pumzi huuma,
ukiuma hukaza tena.
Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.
Ukivuta ukindu kupita kiasi kawa halipumui,
na kisra chini yake hutoka jasho.

Ya kwanza sikuisikia.
Ya pili niliisikia
kama mtu anayekohoa chumba cha pili.
Ya tatu, ee!
nyama iliruka yenyewe, kama kope lililoguswa,
kisha ikaacha. Ikaacha kabisa.
Sikujua nilikuwa nimeishikilia.

Kuzunguka sindano ngozi ikaiva,
kiduara chekundu, ukubwa wa sarafu ya mia mbili.
Kiduara hicho nakijua:
ndipo kila kawa linapoanzia.

"Hamsini na sita," akasoma Odongkara.
Joto likashuka taratibu hadi kwenye kiwiko,
kama chai inavyojitangaza nje ya kikombe cha bati.
"Hamsini na tisa."
Chini, mtu alikuwa anabishania bei ya mabati.
"Sitini na moja."
"Basi nimepona?"
Akakuna kidevu kisicho na ndevu.
"Sijui, mama. Yapo mabega yasiyopanda hata moja.
Yapo yaliyopanda kwa kulazwa tu
na kuambiwa maneno mazuri.
Mlango umefunguka, hilo naliona.
Nani amefungua, na utakaa wazi hadi lini,
ndiyo maana bado niko shule."
Nikampenda kwa hilo.
Wauza dawa wa stendi hawajawahi kuniambia hawajui.

Dakika ishirini. Akazichomoa moja moja.
Ya tatu ilileta tone, dogo kuliko jicho la kifaranga,
limekuja mlangoni kuangalia nani amebisha.
Nilipokuwa nahesabu noti za kulipa
kioo kilikuwa kimeshuka: hamsini na saba.
Sikumwambia Mastula.

Usiku nimelichukua kawa la harusi ya Ijumaa,
nimefumua duru ya mwisho,
nimeishona upya, nimelegeza kidogo.
Mastula anasema mkono wangu umeanza kuzeeka.
Mwacheni.

Asubuhi nimeinua mkono kufunga ushungi.
Nyota zipo.
Nimezihesabu: mbili,
na moja hafifu.